Jinsi ya kuchagua, kuoka na kupima koting ya nikeli ya kemikali ili isilike mapema

Watu wengi wakitaka koting ya nikeli ya kemikali, ile inayoota juu ya chuma bila umeme wowote, swali la kwanza ni "ugumu wake ngapi?" na wakishapewa namba ya Vickers, yaani kipimo cha ugumu kinachosomwa kwenye alama ya ncha ya almasi iliyobonyezwa, wanaona kazi imeisha. Namba hiyo ina maana yake ila ukiitegemea peke yake itakupoteza, manake koting ile ile yenye ugumu mkubwa inaweza kudumu vizuri sehemu yenye vumbi la mchanga alafu ikafa haraka sehemu ambayo vyuma viwili vinasuguana vikavu. Kinachoamua ni vitu vinne kwa pamoja: koting yenyewe, chuma kilicho chini yake, kitu kinachosuguana nayo, na oili au ukavu uliopo katikati. Ukikosea kimoja hivyo vingine vitatu havikuokoi, na hilo ndo nataka ulishike kabla hujafika kwenye maelekezo yenyewe.

Tuelewane kwanza inatengenezwaje. Mwaka 1946 Abner Brenner na Grace Riddell huko Marekani ndio walioiweka hii njia wazi kama kitu kinachoweza kutumika kazini. Unachovya kipande kwenye maji ya moto yenye chumvi ya nikeli na sodiamu hipofosfaiti, joto 85 hadi 95 °C, pH kama 4.5 hadi 5, na hiyo hipofosfaiti ndo inatoa elektroni za kuigeuza nikeli iwe chuma, na wakati huo huo fosforasi kidogo inaingia ndani ya koting. Nikeli ikishaanza kukaa inakuwa kichocheo cha nikeli nyingine, kwa hiyo koting inaendelea kuota yenyewe, kama mikroni 10 hadi 25 kwa saa (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) kutegemea na maji yako. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unene unakuwa sawa kila mahali maji yanapofika, ndani ya tundu, kwenye nyuzi za bolti, kwenye kona, wakati krome ngumu ya umeme inajazana kwenye kingo na kuwa nyembamba mashimoni mpaka ulazimike kusaga baadaye.

Anza kwa kujua kipande chako kinalika vipi

Hapa usiharakishe. Chukua kipande cha zamani kilichoisha, kioshe, kiangalie kwa lenzi yenye mwanga wa pembeni. Ukiona mistari imenyooka kufuata mwendo, kama imekwanguliwa na kitu chenye ncha, huo ni mkwaruzo, kuna punje ngumu zinapita hapo, mchanga, vumbi la kusagia, au hata vipande vya koting yenyewe vilivyong'oka. Ukiona mabaka yaliyoraruka, uso una vinundu vilivyopakwa, na chuma cha upande mmoja kimehamia upande wa pili, hapo vyuma vimeshikana kisha vikaachiana kwa nguvu, yaani kulika kwa kugandana, na ndo ugonjwa mkubwa wa nikeli ikisuguana kavu. Ukiona unga mwekundu au wa kahawia kwenye sehemu zilizofungwa pamoja ambazo hata hukutegemea zitembee, huo ni mtetemo mdogo mdogo unaosaga chuma na kukigeuza kutu papo hapo. Na ukiona magamba yamebanduka na chini yake kuna chuma kisafi, hilo sio tatizo la kulika kabisa, ni koting haikushika au chuma cha chini kimebonyea, na kuongeza ugumu hapo kutalizidisha.

Kila ugonjwa na dawa yake. Mkwaruzo unataka ugumu, au punje ngumu ndani ya koting. Kugandana kunataka kubadilisha jozi ya vyuma, kuoka, na mafuta. Mtetemo unataka uso unaoteleza na kufunga vizuri. Kubanduka kunataka kurudi kwenye usafishaji na kwenye chuma cha chini.

Kuchagua aloi

Fosforasi ndo inayoamua tabia ya nikeli hii. Ikiwa kidogo, kama 2 hadi 5%, koting inakuwa na chembe ndogo sana za fuwele na inatoka kwenye tangi ikiwa ngumu tayari, karibu 650 hadi 750 kwa Vickers, bila kuoka. Ya kati, 6 hadi 9%, iko kama 500 hadi 600 na ndo inayotumika sana kwa sababu inatulia kwenye mambo mengi. Ya juu, 10% kwenda mbele mpaka 13 hivi, haina mpangilio wa fuwele kabisa, ugumu wake kama 450 hadi 550, na hiyo ndo inayovumilia kutu na kemikali kuliko zote na haishikwi na sumaku ikiwa haijaokwa. Kwa hiyo kama kipande chako kinalika na hakiwezi kuokwa, labda ni aluminiamu, fosforasi kidogo ndo chaguo la kwanza, lakini kama kuna asidi au chumvi pamoja na msuguano mwepesi, ya juu inashinda hata kama namba yake ya ugumu iko chini, kwa sababu uso unaoliwa na kutu kisha ukafutwa na msuguano unaisha mara mbili.

Ipo pia nikeli yenye boroni badala ya fosforasi. Hii ukitumia borohaidraidi, kemikali inayochukua nafasi ya hipofosfaiti, inatoka na ugumu wa kama 700 hivi na ikiokwa inapanda mpaka karibu 1200, inapita krome ngumu. Ukiiangalia kwa hadubini uso wake una vinundu vilivyosongamana kama ua la koliflawa na ndani imesimama safu safu. Kwa kulika kavu ni nzuri sana, ila inagharimu zaidi, haivumilii kutu kama ya fosforasi nyingi, na maji yake ni makali, alkali ya pH 12 kwenda juu na joto la karibu na kuchemka, tena mengi yake yanatumia thaliamu kuyatuliza na thaliamu ni sumu kali. Mi naona isichaguliwe mpaka uwe umehakikisha fosforasi iliyookwa imeshindwa.

Alafu kuna zile za kuchanganya punje. Punje za silikoni kabaidi, aluminiamu oksaidi au almasi zinaelea ndani ya maji na koting inazifunika inavyoota, zinabaki ndani kama changarawe kwenye zege, na hizi kwa mkwaruzo hazina mpinzani mwepesi, zinatumika kwa mfano kwenye sehemu ambazo nyuzi za nguo zinapita kwa kasi siku nzima. Lakini angalia upande wa pili, manake punje hizo hizo zinazolinda kipande chako zinamsaga mwenzake. Ukiweka silikoni kabaidi kwenye shafti inayozunguka ndani ya bushi ya shaba, shafti itabaki nzuri na bushi itaisha. Kama huna budi, ng'arisha uso baada ya koting ili ncha za punje ziwe bapa.

PTFE, ile plastiki inayoteleza ambayo wengi wanaiita Teflon, iko upande wa pili kabisa. Hapo unatafuta kuteleza. Nikeli yenye PTFE kama 20 hadi 25% kwa ujazo inashusha msuguano mkavu mpaka kwenye 0.1 hadi 0.2, wakati nikeli ya fosforasi tupu ikisuguana kavu na chuma cha pua au cha kawaida iko kama 0.4 na inaweza kupanda zaidi ikianza kushikana. PTFE inapakwa kwenye kitu cha upande wa pili na kutengeneza utando mwembamba, kwa hiyo mwanzoni msuguano unaweza kuwa juu kidogo kisha ukashuka. Bei yake ni ugumu, inashuka mpaka kama 250 hadi 350, kwa hiyo mzigo mkubwa au mchanga unaikwangua upesi. Weka hii kwenye valvu, moldi za plastiki, sehemu zinazotelezeshwa kwa mzigo mdogo. Mbinu nzuri ni kuweka kwanza tabaka la nikeli ya kawaida, mikroni 10 au 15, kisha juu yake mikroni 5 hadi 8 za PTFE, ili kukiwa na mzigo wa ghafla kuna kitu kigumu kimeibeba. Na usiizidishe joto, kikomo cha kazi ya kila siku kwa PTFE ni 260 °C, na ikiungua sana moshi wake unaumiza mapafu.

Usikisahau chuma cha chini

Hapa ndo watu wengi wanapoteza hela zao. Hebu tupige hesabu. Chukua goli (gololi) ya chuma ya kipenyo cha 6 mm, ibonyeze kwa nguvu ya 10 N kwenye uso wa chuma, ambayo ni kama kilo moja tu ya uzito. Eneo linalogusana linakuwa duara lenye nusu kipenyo cha kama mikroni 58, na shinikizo la juu kabisa pale katikati ni karibu GPa 1.4. Sasa mkazo mkubwa wa kukata hauko juu usoni, uko ndani, kwa kina cha karibu nusu ya hiyo nusu kipenyo, yaani mikroni 28. Koting yako ina mikroni 15. Maana yake ni kwamba mzigo mkubwa kabisa unabebwa na chuma cha chini, na kama ni chuma laini kitabonyea, koting iliyookwa ikawa ngumu na rahisi kuvunjika haiwezi kubonyea nacho, inapasuka, vipande vinang'oka, na vipande vile vile vinakuwa mchanga wa kusaga kilichobaki.

Kwa hiyo ukiwa na mzigo wa ncha, wa goli au wa mstari kama meno ya gia, fanya mojawapo: kigumishe chuma cha chini kwanza, au ongeza unene, au punguza mzigo kwa kupanua eneo la mgusano. Ukiwa na mzigo uliotandazwa, kama silinda na pistoni au bushi na shafti, mikroni 15 hadi 25 zinatosha. Kiwango cha ASTM B733 (ASTM ni shirika la viwango la Marekani) kinagawa unene kulingana na ukali wa kazi: mikroni 5 kwa kazi nyepesi, 13 kwa isiyo kali, 25 kwa ya wastani na 75 kwa kazi kali sana. Ukiagiza kazi mahali, taja unene, taja aina ya fosforasi na taja joto la kuoka, vitu vitatu hivyo kwa maandishi. Ukisema tu "weka nikeli" utapewa chochote kilichomo kwenye tangi siku hiyo.

Uso kabla ya kuchovya

Nikeli ya kemikali haisawazishi uso, inafuata kila mkwaruzo uliopo, kwa hiyo kama umesaga kwa jiwe la kukwaruza ukategemea koting itajaza mistari, haitajaza. Ng'arisha kwanza, kwa sehemu ya kuteleza nenda mpaka Ra (kipimo cha ukwaruzo wa uso) ya mikroni 0.2 au chini yake, kisha ndo uchovye. Usafishaji nao ni mlolongo: toa grisi kwa alkali ya moto, suuza, piga asidi ya haidrokloriki kuondoa kutu na kuamsha chuma, suuza tena, uingize kwenye tangi kikiwa bado na maji. Chuma kisichoshika kutu kinahitaji tabaka jembamba la nikeli ya umeme kwanza kwenye maji yenye asidi nyingi, na aluminiamu inahitaji kupitishwa kwenye zinki kwanza, bila hivyo koting inabanduka kama rangi.

Fuatilia pia umri wa maji. Kila nikeli inavyoota, othofosfaiti, yaani mabaki ya hipofosfaiti iliyotumika, inabaki nyuma na kujaa, na maji yakizeeka koting inaanza kuwa na mkazo wa kuvuta, kasi inashuka, na vinundu vinaongezeka. Vinundu hivyo kwenye uso wa kuteleza ni adui, manake vinakatika siku ya kwanza kazini na kuwa punje za kusaga. Chuja maji muda wote kwa filta nzuri, na kwa vipande vya msuguano usikubali maji yaliyochoka hata kama kwa vipande vya urembo bado yanafaa.

Kuhusu afya: chumvi za nikeli zinaleta mzio wa ngozi na zimethibitika kusababisha saratani kwa kuvuta mvuke au vumbi lake, na tangi linatoa haidrojeni muda wote linapofanya kazi. Glavu, miwani, feni ya kunyonya hewa, na hamna moto wa wazi karibu.

Kuoka

Sasa hapa ndo patamu. Nikeli ya fosforasi ikitoka kwenye tangi, fosforasi imetawanyika ndani yake bila mpangilio. Ukiipasha joto, kuanzia kama 300 °C kwenda juu, fosforasi inajikusanya na nikeli kutengeneza chembe ndogo ngumu za nikeli fosfidi, Ni3P, zilizosambaa ndani ya nikeli, na hizo ndo zinazokaza koting. Kilele kinapatikana kwa 400 °C kwa saa 1, ugumu unapanda mpaka 850 hadi 1000 hivi, sawa na krome ngumu. Ukipita hapo, chembe zinakua kubwa na kupungua idadi, ugumu unaanza kushuka.

Lakini angalia maajabu yake. Kwenye kipimo cha Taber, kile cha magurudumu mawili ya kusaga yanayozunguka juu ya sampuli, nikeli yenye fosforasi karibu 9% isiyookwa inapoteza kama miligramu 17 kwa mizunguko 1000, ikiokwa 300 °C inapoteza kama 10, ikiokwa 500 °C kama 6, na 650 °C kama 4. Yaani inaendelea kuwa bora dhidi ya kusagwa hata baada ya ugumu kuwa umeshashuka kutoka kileleni! Sababu ni kwamba kwenye kilele koting ni ngumu ila imekauka, inavunjika vipande vidogo vidogo, na joto likiongezeka nikeli iliyo kati ya chembe inapata unyumbufu, inashikilia chembe zake bila kupasuka. Hii ndo sababu nasema usinunue namba ya Vickers peke yake. Krome ngumu kwenye kipimo hicho hicho iko kama 2, na nikeli ya boroni iliyookwa 400 °C kama 3, kwa hiyo usidanganywe na anayesema nikeli iliyookwa inalingana na krome kwa kila kitu kwa sababu ugumu umelingana.

Sasa usikimbilie kuweka 650 °C. Joto hilo litapinda kipande, litalainisha karibu kila chuma kilichogumishwa, na koting yenyewe ya fosforasi nyingi inaanza kuyeyuka kwenye 880 °C hivi, kwa hiyo huko juu huna nafasi kubwa. Hata 400 °C ni nyingi kwa vyuma vingi. Chuma cha beringi kilichorudishwa (yaani kilichopashwa joto tena baada ya kugumishwa ili kisivunjike kirahisi) kwenye 180 au 200 °C kikiingia 400 kinapoteza ugumu wake mwingi, ukaishia na koting ngumu juu ya chuma kilicholainika, ambayo ni kama kuweka kigae juu ya godoro. Aluminiamu zile zilizogumishwa kwa kuzeeshwa nazo zinakufa nguvu hapo. Kanuni ni rahisi: joto la kuoka libaki chini ya joto ambalo chuma cha chini kilirudishiwa. Kama chuma chako kinaruhusu 260 hadi 290 °C tu, oka huko kwa muda mrefu, saa nyingi badala ya moja, utapata sehemu kubwa ya ugumu. Kwa aluminiamu oka 120 hadi 150 °C kwa saa moja tu ili ishike vizuri, na ugumu uutoe kwenye kuchagua fosforasi kidogo.

Kuna gharama nyingine ya kuoka. Koting inasinyaa kidogo inavyobadilika ndani, na kusinyaa kukizidi inapasuka nyufa nyembamba, maji na chumvi vinapita humo mpaka kwenye chuma. Fosforasi nyingi ikiokwa 400 °C inapoteza sehemu kubwa ya uvumilivu wake wa kutu ambao ndo ulikufanya uichague. Ukitaka vyote viwili, weka tabaka la fosforasi nyingi chini na tabaka la fosforasi kidogo juu, usioke kwa joto la juu.

Na kwa vyuma vyenye nguvu sana, springi, bolti za mkazo mkubwa, haidrojeni inaingia ndani ya chuma wakati wa asidi na wa kuchovya, na inakifanya kivunjike ghafla bila kuonya. Hivyo viingie oveni ndani ya saa chache baada ya kutoka tangini, 190 hadi 220 °C kwa saa nyingi, usiviache vikalala mpaka kesho.

Oveni yenye hewa ya kawaida inaacha rangi ya njano au bluu usoni, ni oksaidi nyembamba, haina madhara ya maana kwa kazi nyingi na mara nyingine inasaidia mwanzo wa kuteleza, ila kama mteja anataka uso mweupe tumia gesi isiyo na oksijeni au vakyumu.

Mwenzake na mafuta

Usisuguanishe nikeli na nikeli ikiwa kavu na haijaokwa, zinajam. Vyuma viwili vinavyofanana vinapendana, vinashikana kwa urahisi. Weka koting upande mmoja tu, na upande wa pili chuma kilichogumishwa au krome ngumu. Kama lazima pande zote ziwe na nikeli, oka zote au moja iwe ya PTFE. Bolti na nati zenye nikeli pande zote ni mfano mzuri, zinakwama mkono ukiwa bado haujakaza, paka grisi ya kuzuia kukwama kila mara.

Mafuta yanabadilisha kila kitu. Msuguano wa 0.4 kwenye ukavu unashuka mpaka kwenye 0.1 hadi 0.2 kwa oili ya kawaida, na kulika kunapungua kwa kiwango kikubwa kuliko msuguano wenyewe. Kwa hiyo kabla hujalipia boroni au PTFE, jiulize kama tundu dogo la kupitishia grisi lisingemaliza tatizo. Siku za kwanza za kazi endesha kwa mzigo mdogo ili nyuso zizoeane, badilisha oili mapema kwa sababu ya vinundu vilivyokatika, kisha ndo upandishe mzigo.

Kupima

Ugumu wenyewe upimwe sawa. Alama ya Vickers inazama kwa kina cha moja ya saba ya ulalo wake, na unataka kina kisizidi moja ya kumi ya unene wa koting, vinginevyo unapima chuma cha chini. Kwa koting ya Vickers 600 ukibonyeza kwa gramu 100, ulalo unakuwa kama mikroni 17.6, kina 2.5, kwa hiyo unahitaji koting ya mikroni 25 angalau. Kama ni mikroni 18, shuka mpaka gramu 50. Nyembamba zaidi ya hapo kata sampuli, ipachike kwenye resini, pima kutoka ubavuni.

Kwa kulika, pini na diski ndo kipimo cha kuanzia, kiko kwenye ASTM G99. Diski ina koting, goli au pini inakandamizwa juu yake, inazunguka, na kifaa kinarekodi nguvu ya msuguano. Mfano wa mpangilio: goli ya chuma kigumu ya 6 mm, mzigo 10 N, njia yenye nusu kipenyo cha 10 mm, kasi 0.1 m kwa sekunde, hiyo ni kama mizunguko 95 kwa dakika, umbali wa 500 m ambao unachukua kama dakika 83. Osha sampuli kwa asetoni kabla na baada, ikauke, pima kwenye mizani inayosoma 0.1 mg. Andika unyevu wa hewa na joto la chumba manake msuguano mkavu unayumba navyo, na rudia angalau mara tatu.

Tuseme imepungua 2.4 mg na uzito wa koting kwa ujazo ni gramu 8.0 kwa kila sentimita ya ujazo. Gawanya, unapata 0.3 mm³. Gawanya tena kwa mzigo mara umbali, yaani 10 × 500 = 5000, unapata 0.00006 mm³ kwa kila N·m. Hiyo ndo namba ya kulinganisha koting mbili. Usilinganishe miligramu kwa miligramu, kwa sababu fosforasi nyingi ina uzito wa karibu 7.8, kidogo inafika 8.5, na yenye PTFE ni nyepesi zaidi, kwa hiyo miligramu zile zile ni ujazo tofauti.

Kuna mtego hapo. Ikiwa chuma cha goli kimehamia kwenye diski, mizani itaonyesha diski haijapungua au imeongezeka uzito, na ukasema koting haiishi kabisa! Hakikisha unapitisha profailomita, kifaa chenye sindano kinachochora umbo na kina cha uso, kuvuka mfereji uliochimbwa na goli, na angalia goli pia kwa hadubini, pima duara lililolika. Koting inayobaki nzima kwa kummaliza mwenzake sio ushindi kwenye mashine, manake unahitaji pande zote mbili ziishi.

Mchoro wa msuguano nao unasema. Ukianza chini ukapanda polepole kisha ukatulia, ni kawaida, nyuso zimezoeana. Ukiruka ruka kwa meno makubwa, vyuma vinashikana na kuachiana. Ukiwa umetulia kisha ghafla ukabadilika kiwango na kukaa huko, mara nyingi koting imetoboka na goli linasugua chuma cha chini, simamisha hapo uangalie. Isiyookwa ukiitazama baada ya kipimo kavu utaona mabaka yaliyoraruka na chuma kilichopakwa, iliyookwa vizuri inaonyesha mistari myembamba na uso uliong'aa. Ukiona nyufa zinazovuka mwendo ndani ya mfereji, umeoka sana kwa chuma hicho au mzigo umezidi.

Kwa kazi ya mchanga pini na diski haitoshi, tumia Taber au gurudumu la mpira na mchanga mkavu la ASTM G65, lakini hilo la pili ni kali, koting nyembamba inatoboka mapema, punguza mizunguko.

Ikishaingia kazini

Pima unene kila ukifungua mashine. Koting ya fosforasi kidogo inashikwa na sumaku kwa hiyo kipimo cha sumaku kinakosea, na ya fosforasi nyingi ikishaokwa inakuwa na sumaku pia, tumia mionzi ya eksirei kama ipo, au mikromita ukilinganisha na kipimo ulichoandika siku ya kwanza. Toa kipande kikiwa bado kina theluthi ya koting. Usingoje chuma kionekane, kwa sababu nikeli ni bora kuliko chuma kwenye mfuatano wa umeme wa metali, pale penye tundu dogo chuma ndo kinaliwa na kutu kwa kasi huku nikeli iliyozunguka ikiwa salama, na shimo likishachimbika hivyo huwezi tena kuivua koting na kuchovya upya bila kusaga kipande kwanza.